Breki ya Baba

Gari la Baba lilikuwa na breki mbili. Moja ilikuwa mahali pake, chini ya miguu ya dereva, kama gari la mtu yeyote. Ya pili ilikuwa upande wa abiria, na hiyo ndiyo iliyoua uchumba mara mbili kabla haujafika popote.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa udereva tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na nusu ya wenye leseni mjini walipita mikononi mwake wakitetemeka. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Alipostaafu alirudisha vitabu, vibao na filimbi, akabaki na gari, na ndani ya gari ikabaki ile breki ya mwalimu. Tangu hapo Mama hajawahi kuendesha kwenda mahali akafika bila kusimamishwa njiani. Yeye anashika usukani, mzee anakaa pembeni, mguu wa kulia umeelea juu ya breki, viatu vimefungwa kamba barabara. Hata sebuleni, Mama akianza kuongea haraka haraka, mguu ule unaonekana ukikandamiza zulia.

Na mwanaume yeyote aliyekuja kumuulizia binti yao alipewa ufunguo kabla hajapewa kiti. "Twende tukazunguke kidogo, kijana." Wa kwanza, mhasibu mmoja mtanashati, hakutazama kioo cha pembeni. Baba akakanyaga, paji la uso la mhasibu likagonga usukani, na habari za posa zikaishia hapo. Wa pili aliwasha redio. Huyo alishushwa katikati ya barabara na kuonyeshwa kituo cha basi.

Sasa mwonee huruma binti mwenyewe, aliyeyajua haya yote, na moyo wake ukaenda kumwangukia mwanaume asiyejua kuendesha gari kabisa. Anajua baiskeli tu.

Binti huyu ni fundi cherehani. Katika klabu ya baiskeli walimwita Sponji, maana ndiye aliyewashonea zile kaptura za kubana na kuzitia sponji ya kukalia. Alikuwa na vipimo vya makalio ya klabu nzima kichwani mwake na hajawahi kumtangaza mtu. Alipojiunga nao walikuwa wanaishia darajani na kurudi, wakipongezana. Baadaye wakaanza kujitutumua: wakafika njia panda, wakafika kiwanda cha saruji, na Jumapili hii walikuwa wanakwenda kuupanda mlima wenye mnara wa simu, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuumaliza bila kushuka na kusukuma.

Klabu ile ilikuwa na sheria moja tu: hakuna anayeachwa nyuma. Kwa hiyo alikuwapo mtu wa kuvaa kizibao cha njano na kukaa mwisho wa wote, anafagia njia. Wakamwita Ufagio. Ukitoboka tairi, Ufagio yuko na wewe. Ukitapika, Ufagio anakushikia baiskeli na kutazama pembeni kwa adabu. Na tangu Sponji ajiunge, Ufagio alikuwa mtu yuleyule kila Jumapili: mpiga eksirei wa hospitali, mrefu, mpole, masikio yametokeza chini ya helmeti, mwenye ile sauti ya watu wa eksirei. "Vuta pumzi. Ishikilie. Usitingishike." Akikwambia hivyo unatii, hata kama uko barabarani na mbwa anakufukuza.

Jumapili ya kwanza Sponji alikuwa wa mwisho kwa haki. Siti ya baiskeli yake ilikuwa chini mno, magoti yanakaribia kidevu. Ufagio akasimama, akaipandisha, akaupima mguu wake kwa macho, akaona haya, akaipandisha tena. Basi Sponji akawa hajiwezi.

Jumapili ya pili hakuwa na sababu ya kuwa wa mwisho. Miguu inayokanyaga cherehani kutwa nzima, wiki nzima, haisumbuliwi na baiskeli. Lakini alitazama mbele akaona migongo iliyolowa jasho, akatazama nyuma akaona kizibao cha njano. Akapunguza mwendo.

Tangu hapo akawa bingwa wa kuchelewa. Mnyororo ulimtoka mahali ambapo mnyororo wa mtu mwingine hautoki. Kamba za viatu zilifunguka. Hata kuhema alijifundisha, kwa kumsikiliza Mwenyekiti wa klabu, mfamasia mnene aliyehema kwa sauti ya pampu, na akishamwiga vizuri alikuwa anaambiwa polepole kutoka nyuma, "Taratibu, Sponji. Hatuna haraka." Ungemsikia alivyolitamka hilo neno "hatuna" ungemsamehe.

Kilichomtia wasiwasi ni Baba, na maneno aliyoyasema Jumamosi jioni jikoni, bila hata kupandisha sauti.

Gari dogo la mizigo linalosindikiza klabu lilikuwa gereji, na Mwenyekiti, bila kujua anachokifanya, alimpigia Mwalimu wake wa zamani kumwomba asindikize yeye. Baba akakubali haraka kuliko kawaida yake. Kisha akaja jikoni, akaegemea mlango, akamtazama binti yake akiosha chupa za maji.

"Huyo kijana wa kizibao," akasema. "Mama yako ananiambia mnaelewana."

"Mama!"

"Mimi nimesema wanaongea," Mama akajitetea, kisu kikiwa juu ya kitunguu. "Kuongea si dhambi."

"Anakaa na wewe kila Jumapili?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa sababu wewe ni wa mwisho."

Sponji akaisuuza tena chupa iliyokwisha kutakata.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi nimekaa na wanafunzi kwenye lile gari miaka yangu yote ya kazi. Tumecheka. Tumepiga soga. Wengine wamenililia begani. Nilikuwa nawapenda? Nilikuwa kazini. Wakipata leseni, kwaheri, hata salamu hawanipi." Akakuna kidevu. "Yule naye yuko kazini. Kesho usiwe wa mwisho. Panda kwa nguvu zako zote, halafu geuka utazame nyuma. Uone kama yupo."

"Mwalimu," Mama akasema. Jina hilo alilitumia akiwa amekasirika tu. "Toa mguu hapo."

Kweli, mguu ulikuwa umekandamiza sakafu.

Sponji alicheka, akakausha chupa, akaenda chumbani kwake, akakaa kitandani na zile chupa mapajani. Hakulala vizuri. Alitamani Baba awe amekosea, na alijua kwamba Baba, mambo ya kukaa na watu kwa sababu ya kazi, alikuwa anayajua vizuri kuliko mtu yeyote.

* * *

Asubuhi wakakutana kituo cha mafuta, watu wazima na kaptura zao, wakinyoosha miguu na kujipaka mafuta ya kuzuia mchubuko mahali pasipotajwa. Gari la Baba likaja likisitasita, Mama usukanini, likasimama ghafla mara mbili kabla ya kusimama kweli.

"Shikamoo, mzee," Ufagio akasema dirishani, helmeti mkononi.

"Marahaba. Unaendesha?"

"Baiskeli, mzee."

"Nimeuliza unaendesha."

"Hapana, mzee."

Baba akapandisha kioo cha dirisha polepole, mpaka juu kabisa, akimtazama.

Mpaka kiwanda cha saruji mambo yalikwenda vizuri. Hapo mlima ukaanza. Klabu ikachanganyika, ikanyooka, ikakatika vipande, na kwa kawaida ya siku zote mwisho wakabaki wawili, Sponji na kizibao cha njano ubavuni mwake. Tofauti ya leo ni kwamba nyuma yao, kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani, lilifuata gari lenye breki mbili, na kichwa cha Baba kimetoka dirishani.

"Wewe kijana! Kona hiyo umeingia bila kuonyesha mkono!"

"Samahani, mzee!"

"Nyoosha mkono wote! Huko si kuonyesha, ni kupunga!"

Ufagio akanyoosha mkono wote, baiskeli ikayumba, Sponji akauma midomo asicheke. Huyu mwanaume hakukasirika. Kila alipokemewa alinyoosha mkono zaidi, mpaka ikawa kama anaelekeza ndege kutua.

"Baba yako ana macho," akasema.

"Ana mguu. Macho si kitu."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kidogo cha puani, kama cha mtu aliyekatazwa kucheka darasani, na Sponji alikipenda mno kicheko kile. Wakaendelea kupanda. Lami ilikuwa inainuka mbele yao bila huruma, na juu kabisa mnara ulionekana mwembamba. Nyuma gari lilikuwa linanguruma kwa gia ya kwanza na kutoa harufu ya kitu kinachoungua, lakini Sponji hakusikia harufu. Alikuwa anajikusanya.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza. Kwanza vuta pumzi."

"Nisingekuwa mimi wa mwisho, saa hizi ungekuwa wapi?"

Ufagio akafikiri. Ni mtu ambaye ukimuuliza swali hujibu hilohilo ulilouliza, si lile lililojificha nyuma yake.

"Ningekuwa na huyo wa mwisho," akasema.

"Yeyote?"

"Yeyote. Ufagio hachagui."

"Hata Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti nimeshamshikia baiskeli akitapika. Zaidi ya mara moja." Na akacheka kile kicheko chake, maskini, akidhani wanataniana.

Kifua cha Sponji kikabana, na safari hii hakuwa anamwiga mtu. Baba alisema. Baba alisema jikoni, kitunguu kikikatwa, na yeye akacheka. Hawa watu wa kazi zao. Kumbe zile "taratibu" na zile "hatuna haraka" zote zilikuwa za yeyote.

"Sawa," akasema. Akabadilisha gia.

"Sponji? Unakwenda wapi?"

"Juu."

"Usijiumize! Vuta pu—"

"Vuta wewe!"

Akanyanyuka kwenye siti na kukanyaga. Alikanyaga kama siku ile aliyoletewa sare za shule nzima wiki moja kabla ya kufunguliwa. Alimpita mwalimu wa hesabu, aliyekuwa anaongea na magoti yake. Aliwapita wauguzi wawili waliokuwa wameshashuka na kusukuma. Alimpita Mwenyekiti, ambaye alimtazama, akatazama nyuma kuona anayemfukuza ni nani, asione mtu.

Kwenye kona kubwa akageuka.

Kizibao cha njano kilikuwa kimesimama chini kule, mguu mmoja kwenye lami. Alikuwa anatazama juu, kwake. Waliangaliana, au alidhani waliangaliana, kwa umbali ule mtu haoni macho. Moyo wake ukaomba, njoo. Njoo tu, hata kwa kusukuma.

Ufagio akatazama nyuma yake. Akatazama juu tena. Kisha akaigeuza baiskeli, akateremka, akapotea chini ya kona.

Alirudi! Hata kubaki palepale hakubaki. Sponji akashika usukani, machozi yakimwingia mdomoni pamoja na jasho, na akaumaliza mlima wote bila kuweka mguu chini, wa kwanza katika historia ya klabu, bila hata kutambua.

* * *

Juu hapakuwa na kitu isipokuwa mnara ndani ya uzio, msingi wa zege na upepo. Alikaa kwenye zege akalia vizuri, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Alipomaliza akaanza kuzimaliza biskuti za akiba ya klabu alizokuwa amezibeba.

Wenzake walifika mmoja mmoja, wakisukuma. Mwenyekiti alilala chali kando ya baiskeli yake, akahema weee, akafumbua jicho moja.

"Wewe mtoto. Umenipita."

"Samahani, Mwenyekiti."

"Siku zote hizi nguvu hizo ulizificha wapi?"

"Nyuma."

"Na Ufagio umemwacha wapi?"

"Amerudi chini." Akatia biskuti ya mwisho mdomoni. "Si mimi tena wa mwisho. Zamu yake kwangu imekwisha."

Mwenyekiti akafumbua na jicho la pili. "Zamu? Zamu yake si ilikwisha zamani!"

"Zamu gani?"

"Ya ufagio, mama. Ile kazi si cheo, ni zamu, kila mtu na Jumapili yake. Nani mwenye akili anataka kukaa nyuma kila wiki akishikilia baiskeli za wanaotapika?"

"Wewe ndiye unayetapika," mwalimu wa hesabu akasema kutoka kwenye nyasi.

"Nimesema kwa ujumla. Huyu zamu yake ilikuwa Jumapili ile ulipokuja na magoti kidevuni. Iliyofuata ilikuwa ya huyu wa hesabu."

"Akaniomba nimwachie," mwalimu wa hesabu akasema. "Nikamwachia mara moja, kabla hajabadili mawazo. Nilidhani ana msongo."

"Sisi pia alituomba," wakasema wauguzi, karibu kwa pamoja.

"Na kabla ya hapo alikuwa anakaa mbele," Mwenyekiti akamalizia. "Tulikuwa tunamwona kituo cha mafuta kwenye kwenda, na kituo cha mafuta kwenye kurudi. Sasa hivi kizibao analala nacho kwake. Tumekidai kifuliwe, anasema atakifua mwenyewe. Wewe ulikuwa hujui?"

Sponji hakujua. Alikuwa amekaa na biskuti shavuni, hatafuni. Furaha ilimpanda, ikafika nusu, ikagonga kitu.

"Sasa kwa nini amerudi chini?"

Kabla hajajibiwa, honi ikalia. Ikalia tena, ndefu, ya arusi. Gari la Baba likatokea konani, likapanda laini bila kusitasita hata kidogo, likazunguka uzio wa mnara mzima kwa maringo, likasimama. Mama akashuka peke yake, ushungi umemwangukia shingoni, uso unang'aa.

"Nimepanda!" akasema. "Mwenyewe!"

"Mama! Baba yuko wapi?"

"Nimemwacha."

"Umemwacha?"

"Ngoja nipumue. Umeondoka tu, gari likachemsha. Moshi, mvuke, nikadhani tunaungua. Nikapiga kelele. Huyo kijana wako alikuwa ameshaanza kukufuata, nimemwona kwa macho yangu, ameinuka kwenye siti. Akasikia kelele akasimama. Akatazama kwako, akatazama kwetu. Mwanangu, sijawahi kuona mtu amegawanyika vile. Kisha huyo, akaja mbio, akanitoa mimi garini kwanza, akamtoa baba yako. Tukangoja lipoe, akalimwagia maji yake yote ya kunywa. Tukawa tunashangaa, gari zima hili limechemka na nini? Mimi nikachungulia chini upande wa baba yako. Breki inatoa moshi."

"Breki?"

"Mlima wote, tangu kiwandani, Mwalimu alikuwa amekanyaga! Mimi natia mafuta, yeye anafunga. Nikamuuliza, Mwalimu, mguu wako ulikuwa wapi? Akasema anakagua injini." Mama akajipiga paja. "Basi nikaingia kuliwasha, kujaribu tu. Likawaka. Likaondoka! Sikujua gari hili ni jepesi. Baba yako akapiga kelele, simama, simama! Nami nikakumbuka somo lake la kwanza kabisa: kwenye mlima mkali usisimame, utarudi nyuma. Nikamtii."

Klabu nzima ikacheka, lakini Sponji alikuwa ameshafika ukingoni mwa barabara.

Chini, konani, kizibao cha njano kilitokea. Juu ya baiskeli hakuwa Ufagio. Alikuwa Baba, ameketi wima na helmeti ya watu imemkaa utosini, siti imeshushwa asiogope kuanguka, magoti yanakaribia kidevu, na Ufagio pembeni anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti, ulimi nje. Kila baada ya hatua chache walikwama.

"Mzee, achia breki."

"Sijafunga."

"Mzee, tumesimama."

"Nimepunguza mwendo. Mbele kuna kona."

"Mzee, tunapanda!"

"Ndiyo maana watu wanakufa, kwa kudharau kona. Onyesha mkono."

"Nikionyesha mkono utaanguka, mzee."

Baba akaufikiria ukweli huo. "Basi onyesha kidogo."

Ndivyo walivyofika juu, breki zikilia njia nzima, mbele ya umati uliokuwa hauna tena nguvu za kucheka. Ufagio akamteremsha mzee, akamshika mpaka aliposimama sawa, ndipo magoti yake mwenyewe yakamkatalia, akakaa chini kwenye lami. Baba akavua helmeti, akanyoosha shati, akawa Mwalimu.

"Matokeo," akasema. Kila aliyewahi kufundishwa naye alisimama wima bila kujua. Mwenyekiti alisimama kutoka pale alipolala chali. "Amefeli."

"Baba!"

"Kona tatu hakuonyesha mkono. Na hakutazama nyuma hata mara moja. Kila nikimwambia tazama nyuma, anatazama huku juu." Akamgeukia binti yake, na sauti ikapungua. "Nikamwambia, kijana, niache hapa, kamfuate, amekasirika. Unajua kanijibu nini? Kasema, yeye atafika mwenyewe, mzee, ana nguvu kunishinda. Nikamuuliza, umejuaje, kila wiki si yuko mwisho? Kasema amejua tangu Jumapili ya pili."

Uso wa Sponji ukawaka moto mpaka masikioni. "Umejua nini?"

Ufagio akainua kichwa. "Kwamba hujachoka," akasema, akihema kwa haki. "Kazi yangu ni pumzi za watu, Sponji. Nazisikia kutwa nzima. Aliyechoka kweli hahemi vile. Vile anahema Mwenyekiti."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeenda mbele."

Wauguzi wakasema "Jamani!" na mmoja akamshika mwenzake mkono. Sponji alitaka kucheka na kulia na kumpiga na chupa.

"Sasa mbona nilipokuuliza ulisema utakuwa na yeyote?"

"Uliniuliza ufagio anakaa na nani. Hukuniuliza mimi." Akajifuta uso kwa kile kizibao. "Mimi nakaa na wewe. Kazini nawaambia watu waishikilie pumzi. Wewe ukinikaribia, mimi ndiye nasahau kuiachia."

Hata upepo wa mnara ulionekana kusubiri. Mama alikuwa ameweka mkono kifuani. Baba alikohoa, akatazama mguu wake wa kulia, uliokuwa umekandamiza lami kwa nguvu zote, na akautazama kwa muda.

"Anaruhusiwa kurudia mtihani," akasema hatimaye. "Jumapili ijayo, nyumbani, baada ya chakula. Aje amevaa suruali."

"Mzee, mimi gari sijui—"

"Nani kataja gari? Utakuja na baiskeli. Na ya pili ya kwangu, yenye siti iliyo juu, hii magoti yataniingia puani." Akamgeukia Sponji. "Na wewe nishonee kile kikaptura. Kiti hiki kinaua."

"Sponji mbili, Baba?"

"Tatu."

Wakajiandaa kurudi. Ufagio alijaribu kusimama, miguu ikatetemeka, ikawa dhahiri kwa kila mtu kwamba leo wa mwisho atakuwa nani. Sponji akamwendea. Akashika zipu ya kizibao cha njano, akaishusha taratibu, macho yakiwa kwenye macho, akamvua, akakivaa yeye. Kilinuka jasho la wiki nyingi. Kweli hakikuwahi kufuliwa.

"Zamu ya nani?" Mwenyekiti akauliza.

"Yangu," Sponji akasema.

Wakaanza kuteremka, klabu mbele, kisha yule mrefu kwa mwendo wa mgonjwa aliyeruhusiwa, na ubavuni mwake kizibao cha njano. Gari likaja nyuma yao. Mteremko ulikuwa mkali, mkali kweli, na Sponji alikuwa anasubiri kusikia matairi yakilia.

Hayakulia. Badala yake akasikia sauti ya Mama dirishani, ya mtu aliyeona maajabu.

"Mwanangu! Geuka uone! Baba yako amevua viatu!"

Akageuka. Baba alikuwa amekaa kitini pake, macho ameyafumba, mkono umeng'ang'ania kishikio cha mlango. Miguu yote miwili alikuwa ameikunja juu ya kiti, na soksi zake zilionekana mpaka barabarani.